Naomba ushauri: vipi tufikishe ushahidi wetu wa kichocho hadi kwenye bajeti?

Mwalimu wa Kijitoni
Assalaamu alaykum. Nasomesha skuli ya msingi wilaya ya Micheweni, Pemba. Nyuma ya skuli kuna kijito, na maji ya mfereji (bomba) yakikatika hicho ndicho tegemeo la kila mtu. Akina mama wanafua na kukosha vyombo pale kwenye mawe, watoto wamo majini hadi kiunoni. Vidonge vya kichocho vinagaiwa na watoto wanameza, lakini bado wapo wanaonijia faragha: "Mwalimu, nikimaliza kukojoa inatoka damu."

Mimi na wenzangu tulikuwa tukikaa kijitoni kwa zamu, tukiandika nani anaingia majini, saa ngapi na kwa shughuli gani. Watoto hujaa skuli inapotoka, na akina mama huwa wengi siku ambazo mfereji haukutoa maji. Tukaandika ripoti, tukaipeleka ofisi moja, tukajibiwa "tumeipokea". Hadi leo kimya. Tunachotaka ni sehemu ya kufulia. Je, ripoti tuirefushe? Twende kwa mwakilishi wetu? Mwenzetu mmoja anataka tuwapime watoto mkojo wenyewe ili tupate namba za kutisha. Nishaurini.

Mtu wa Maabara, Chake
Wa alaykum salaam, mwalimu. Hilo la kupima wenyewe liacheni leo hii. Kuchukua mkojo wa mtoto kwa ajili ya utafiti kunataka ridhaa ya mzazi na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya. Na hizo namba zenyewe zinaweza kukuangusheni. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukichukua mkojo wa alfajiri, mtoto mwenye kichocho anaweza kuonekana hana kitu, na hapo umempa mkubwa sababu ya kuifunga faili yako.

Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya sasa hivi, asisubiri ripoti. Na jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote mtakayoitoa.

Kijana wa Konde
Tatizo si ripoti, ni kuwa hawataki. Wapelekeeni watu wa redio.

Karani Mstaafu
Kijana wangu, hasira yako naielewa, lakini nimekaa miaka mingi kwenye mipango na nimeona ripoti nzuri zikifa bila ya adui yeyote. Zinakufa kwa sababu zimekuja wakati mbaya, au kwa sababu hazisemi nani afanye nini.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Baraza la Wawakilishi linakaa kwa bajeti Mei na Juni, na wakati huo hesabu za wizara zimeshafungwa zamani. Anayeleta ombi mwezi wa Aprili, hata likiwa na ushahidi wa kulia machozi, ataambiwa asubiri mwaka mwengine. Mwalimu, pelekeni miezi mingi kabla, pale idara zinapoandika mipango yao.

Ripoti msiirefushe. Ofisa wa mipango ana faili mezani mpaka haoni ukuta. Fanyeni ukurasa mmoja: mahali, mlichokiona, mnachokiomba, gharama yake kwa makisio ya fundi, na nani atakitunza. Hilo la mwisho ndilo linaloua maombi mengi. Koki ikivunjika baada ya miezi mitatu, anaitengeneza nani kwa pesa ya nani? Mkiwa na jibu lililoandikwa, la kamati na mchango wake, mmeshawapita wengi.

Na tusiseme hawasikii abadan. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini ikaingia dawa mseto ya malaria, kwa sababu vipimo vilionesha klorokwini haiponeshi tena. Ushahidi ule ulikuwa wa hapa hapa.

Mtafiti wa Unguja
Naongezea jambo ambalo mwalimu hatolipenda, lakini bora alisikie hapa kuliko kikaoni.

Kuanzia 2012 hadi 2017 kulifanywa jaribio kubwa la kichocho katika shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba. Zote zilipata dawa ya prazikwanteli. Theluthi moja zikaongezewa kuua kwa dawa konokono wa majini wanaobeba vimelea vya kichocho, theluthi nyengine zikaongezewa elimu ya kubadili tabia, ikiwemo kujenga vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia. Kichocho kilishuka sana lakini hakikumalizika, na mwisho wa miaka mitano haikuonekana tofauti ya uhakika baina ya makundi matatu.

Kwa hiyo mkiandika "sehemu ya kufulia itamaliza kichocho", ofisa anayejua kazi yake atakuulizeni kuhusu majukwaa yale, na mtakosa la kusema. Litajeni jaribio hilo wenyewe. Kisha elezeni kuwa matokeo ya shehia nyingi kwa pamoja hayakwambii kila kijito kikoje, na maambukizo yaliyobaki yamejikusanya mahali mahali. Nyinyi mna kitu ambacho jaribio halina: mnajua kwenu watu wanaingia majini siku gani na kwa nini. Kama sababu ni mfereji kukatika, basi ombi lenu la kwanza ni maji ya uhakika. Jukwaa lisilo na maji litawarudisha watu kijitoni siku ile ile.

Mtu wa Maabara, Chake
Naunga mkono, na Pemba tuna mfano mkubwa. Watoto wadogo wa hapa walikuwa wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki katika jaribio, kila mtu akitarajia kheri. Mwaka 2003 sehemu hiyo ikasimamishwa, kwa sababu hatari ya kufariki au kulazwa ilizidi kwa asilimia 12 kwa waliopewa. Hakuna aliyetaka jibu lile. Likachapishwa 2006 kama lilivyo, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kuhusu kuwapa chuma watoto wote kwa jumla kwenye maeneo ya malaria. Mwalimu, wasiopenda matokeo yako watayaamini zaidi wakiona hukuficha yasiyokufaa.

Mama wa Vyombo
Mwanangu mwalimu, mmewahesabu akina mama, je, mmewauliza? Kwetu ilijengwa sehemu ya kufulia katikati ya jua, ukingo uko juu, ukikosha sufuria mgongo unakatika, na maji machafu yanarudi miguuni. Tukarudi mtoni kwenye kivuli. Waulizeni wapi ijengwe, urefu gani, na saa gani wanataka maji yatoke. Fundi asichore kitu kabla.

Mwalimu wa Kijitoni
Nakushukuruni nyote. La kupima mkojo nimelifuta, na wazazi wa watoto wale nitawaona leo baada ya laasiri. Kikao na akina mama tutakiitisha wiki hii, na ukurasa mmoja tutauandika ukianza na maji. Jaribio la shehia 90 litakuwemo. Swali langu lililobaki: tuanzie kwa mwakilishi?

Karani Mstaafu
Anzeni kwa sheha, mpate barua yenye mhuri. Kwa siku ile ile moja pelekeni nakala kwa watu wa maji, watu wa afya na ofisi ya mipango ya wilaya, na kila nakala ioneshe kuwa wenzao wamepata. Msiulize "mmeisoma?" Ombeni tarehe ya wao kuja kijitoni, skuli inapotoka. Mwakilishi mualikeni siku hiyo hiyo.