Watoto wa awali wafundishwe Idd, Diwali na isale? Tujadili

Wazazi wenzangu wa Moshi, kwenye kikao cha shule mzazi mmoja alisimama akapinga watoto wa darasa la awali kufundishwa sikukuu za dini na makabila mengine. Alisema mtoto wa miaka mitano atachanganyikiwa, ajue kwanza ya kwao. Akapigiwa makofi. Mimi nilinyamaza, na mpaka leo inaniuma.

Sikubaliani naye. Hapa Pasua mtoto anakula pilau ya Idd kwa jirani kabla hajajua kuandika jina lake. Desemba tunabanana kwenye Noah kwenda Kibosho kwa babu, anaona mbuzi akichinjwa na wazee wakipokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Maswali anayo tayari. Mwalimu asipomjibu, atajibiwa na watoto wenzake, na majibu yao mara nyingi yana dharau.

Aelezwe kwa nini Idd haikai tarehe moja: mfungo unafuata mwezi mwandamo, ndiyo maana kila mwaka unawahi kwa siku 10 au 11, wakati Krismasi haiondoki Desemba 25. Jioni atatoka mwenyewe nje kuutafuta mwezi. Aonyeshwe isale, jani lile lile la mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, aambiwe kuwa Mchaga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo kuomba msamaha. Hapo imani ya nani imeguswa?

Hofu moja naikubali. Kumweleza mtoto si sawa na kumwingiza kwenye ibada. Mtoto wa Kiislamu asivalishwe mabawa ya malaika kwenye igizo la Krismasi bila wazazi wake kuulizwa.

Ila hizi "siku za utamaduni" nazo, jamani! Darasa zima linavishwa shuka nyekundu na shanga, picha zinapigwa, basi. Mtoto wa Kipare anarudi nyumbani hajui kwamba kwenye eunoto, sherehe ya Wamasai, morani hunyolewa nywele na mama yake mzazi, anapovuka rika. Angeitwa bibi mmoja wa Kimasai akae nao nusu saa, wangeelewa zaidi.

Mnaopinga, naomba mnijibu hili. Diwali, sikukuu ya Wahindu, si sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo siku hiyo shule inafunguliwa na kiti cha rafiki wa mwanangu kinabaki kitupu. Akiniuliza mwenzake yuko wapi, nimwambie nini?