Mjadala: Je, Keter ya Kabbalah na taji la elimu za siri za Magharibi ni taji moja?

Mleta mada

Wakuu, vitabu vingi vya karata za taroti vinafundisha kwamba Keter, sefira (daraja ambamo Mungu hujidhihirisha; wingi wake sefirot) ya kwanza kati ya kumi za Kabbalah, elimu ya siri ya Kiyahudi, ndiyo taji la mfalme, ndiyo chakra (kituo cha nguvu mwilini katika yoga) ya utosini, ndiyo ree nne za karata. Naona vitu vinne vimeshonwa kanzu moja. Hoja yangu: elimu za siri za Magharibi hazina haki ya kuliita taji lao Keter.

Naanzia kwenye neno. Biblia ya Kiebrania ina maneno matatu ambayo Biblia yetu ya Kiswahili imeyatia yote katika "taji". Keter imo katika kitabu cha Esta peke yake, mara tatu: 1:11, 2:17 na 6:8. Nezer ni lile la kuhani mkuu, Kutoka 29:6. Atara ndilo la kawaida, kama katika Mithali 12:4, "mwanamke mwema ni taji ya mumewe". Wakabala, yaani wanazuoni wa Kabbalah, walitenga maneno haya kwa makusudi. Keter ni sefira ya kwanza, kileleni. Atara ni lakabu ya Malkut, ya kumi, chini kabisa. Kwa hiyo mti, yaani mchoro wa sefirot kumi, una mataji mawili, moja la kutoa na moja la kupokea, na Sefer Yetzirah, kitabu cha kale cha Kiebrania kuhusu herufi na sefirot, inasema mwisho wa sefirot umefungwa kwenye mwanzo wake. Anayesoma kwa tafsiri huona taji moja tu, na nusu ya alama imempotea.

Sasa chakra. Kiingereza kina neno moja kwa taji na kwa utosi, na daraja lote limejengwa juu ya neno hilo. Kiswahili hakina tatizo hilo, wala Kiebrania: utosi ni kodkod. Sahasrara ya Kisanskriti nayo haina taji ndani yake, inataja elfu, yaani petali elfu za yungiyungi.

Nguzo ya Kati

Mleta mada, kwenye chakra nakubaliana nawe kabisa. Lakini usiwahukumu wote kwa kosa la baadhi. Pico della Mirandola, mwanafalsafa wa Italia, alipotoa tasnifu zake 900 mwaka 1486, alikuwa amefanyiwa kazi na Flavius Mithridates, aliyemtafsiria maandiko mengi ya Kabbalah kwa Kilatini. Mwaka 1516 Paolo Riccio alichapisha kwa Kilatini kazi ya Yosef Gikatilla, Mkabala wa Hispania. Knorr von Rosenroth alitoa Kabbala Denudata kati ya 1677 na 1684, na humo ndimo MacGregor Mathers alimotafsiri kitabu chake cha 1887, mwaka mmoja kabla ya Hermetic Order of the Golden Dawn, chama cha elimu za siri, kuanzishwa London. Huo ni mnyororo wa maandiko unaofuatika. Mto ukiingia nchi nyingine hubadilika rangi, lakini chemchemi yake inajulikana.

Na zoezi linaloitwa Nguzo ya Kati, aliloliandika Israel Regardie, mfuasi wa mafundisho ya Golden Dawn, mwaka 1938, halisemi Keter ni utosi. Unasimama, unawaza tufe la mwanga mweupe JUU ya kichwa, si ndani yake, na unatamka Ehyeh, lile jina la Kutoka 3:14, "MIMI NIKO". Kisha mwanga unashuka kooni, kifuani, kwenye viungo vya uzazi, na miguuni. Kosa la wengi ni kuliingiza tufe kwenye fuvu, kwa sababu wamefundishwa chakra kwanza. Taji huvaliwa, si kiungo cha mwili. Ukiliingiza kichwani umeligeuza kuwa akili yako mwenyewe, na zoezi limepoteza maana.

Hesabu ya Abjadi

Wenye kujua abjadi za pwani hawahitaji kufundishwa gematria, yaani hesabu ya thamani za herufi za Kiebrania. Neno Keter ni kaf 20, te 400, re 200: jumla 620, kwa Kiarabu sawasawa na Kiebrania. Wakabala wanaiambatisha 620 na amri 613 za Torati pamoja na 7 za marabi, na pia na idadi ya herufi za Amri Kumi katika Kutoka. Kwao taji limefumwa kwa amri. Ukiondoa amri ukabakiza mwanga mweupe, umebeba chombo bila kilichomo. Hapo ndipo ninapoona tatizo kubwa kuliko la tafsiri.

Nguzo ya Kati, umeruka jambo moja. Kituo cha kooni ni Daat, yaani Maarifa. Sefer Yetzirah inasema "kumi na si tisa, kumi na si kumi na moja". Katika mafundisho ya Isaac Luria, Mkabala wa Safed huko Galilaya, aliyefariki 1572, ukihesabu Keter huhesabu Daat, na ukihesabu Daat huhesabu Keter. Regardie ameziweka zote mbili kwenye mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye njia 22 zinazounganisha sefirot. Mti una mistari 3 ya mlalo, 7 ya wima, 12 ya mshazari. Sefer Yetzirah inagawa herufi hivyo hivyo: mama 3 (alef, mem, shin), maradufu 7, sahili 12. Katika mti wa Luria vinaoana, mama tatu zinakaa kwenye milalo mitatu. Golden Dawn wana idadi hiyo hiyo ya mistari, lakini kwenye milalo wameweka dalet, tet na pe, na alef wameipa mshazari wa Keter kwenda Hokma, sefira ya pili. Mchoro unafanana, ila ufunguo umebadilishwa.

Nguzo ya Kati

Ndugu, Golden Dawn wenyewe wanasema Daat si sefira, kwa hiyo hawajahesabu kumi na moja. Kuhusu herufi, nakubali: mpangilio wao ni wao.

Kalamu ya Unyoya

Mnajadili taji la juu mkasahau yale yanayoandikwa kwa wino. Kwenye gombo la Torati herufi saba (shin, ayin, tet, nun, zayin, gimel, tsadi) huvikwa vitaji vitatu kila moja. Sita (bet, dalet, kof, het, yod, he) huvikwa kimoja. Tisa zilizobaki hazivikwi. Ni vistari vyembamba: kila kimoja lazima kishikane na herufi yake, na visigusane vyenyewe kwa vyenyewe. Kikigusa herufi ya jirani kuna kasoro ya kweli, kwa sababu kila herufi lazima izungukwe na ngozi tupu pande zote. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika Menahot 29b, inasimulia Musa alivyopanda juu akamkuta Mungu akizifunga herufi mataji, akaambiwa atakuja rabi Akiva kuchimbua sheria kutoka kila ncha.

Alama ya taji kwa Wayahudi inaishi kwenye mkono wa mwandishi, na pia kwenye sala: Kedusha (sala ya kuutukuza utakatifu wa Mungu) ya musaf (ibada ya nyongeza ya Sabato na sikukuu) ya Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, huanza kwa neno Keter. Kwenye elimu za siri za Magharibi taji hilo halikufika hata kidogo, na mimi nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko herufi kuhamishwa kwenye mchoro.

Mleta mada

Ahsante sana kwa hilo, Kalamu. Naongeza karata, maana hapo historia iko wazi. Taroti ilikuwa mchezo Italia ya kaskazini tangu karne ya 15. Majina yetu ya kopa, uru, shupaza na pau, tuliyoachiwa na Wareno, ni yale yale: vikombe, dhahabu, panga, marungu. Ni mwandishi Mfaransa Court de Gébelin, mwaka 1781, aliyechapisha dai la kuziunganisha karata 22 na herufi za Kiebrania. Ree ya panga ya taroti ya Marseille ilikuwa na taji kabla ya hapo. Basi taji hilo halikuchorwa kwa ajili ya Keter; Keter ililikuta pale. Éliphas Lévi, Mfaransa wa elimu za siri, akaipa alef karata ya Mfanyamazingaombwe, Golden Dawn wakaipa Mpumbavu, na karibu karata zote zikasogea herufi moja. Kama uhusiano ungekuwa wa asili, usingesogezwa kirahisi namna hiyo.

Na kileleni: Golden Dawn wanaweka pazia tatu juu ya Keter, la juu kabisa likiitwa Ain, Hakuna. Kwa Gikatilla, Ain ni jina la Keter yenyewe.

Nguzo ya Kati

Hilo la Ain ni zito, lakini hata Wayahudi walibishana juu ya kilele. Moshe Cordovero, Mkabala wa Safed, ametenga mlango mzima wa Pardes Rimonim, kitabu alichokimaliza 1548, kuthibitisha kwamba Keter si Ein Sof (Mungu Asiye na Mwisho, aliye juu ya sefirot zote), maana wapo waliosema ni kitu kimoja. Kama mpaka wa taji ulibishaniwa Safed, kwa nini London ndiyo inyimwe haki ya kubishana?

Hesabu ya Abjadi

Kwa sababu Cordovero alibishana akiwa ameshika zile amri 613.