Jero ina mstari usoni, mia imegeuka nyeupe: kosa la kiwandani au zimeharibikia mtaani?

chalii_wa_sakina

Wakuu habari za jioni. Mi nina kibanda cha vocha na vitu vidogovidogo hapa Sakina, Arusha, silva (sarafu) zinapita mkononi kwangu kutwa nzima maana makonda wa vifodi wanakuja kuchenjisha. Sasa tangu nianze kuona zile video za "sarafu yenye kosa inauzwa mamilioni" nikawa natenga zile ambazo sizielewi, zimebaki tano ambazo naomba wanaojua wanisaidie. Picha nimejaribu, simu yangu inatoa ukungu tu, nitaeleza kwa maneno.

Ya kwanza jero (mia tano), ile ya Karume na nyati, ina mstari mwembamba unaanzia ukingoni unaingia hadi karibu na kichwa. Ya pili mia ya Nyerere, upande wa swala kuna herufi zimezama na zinasomeka kinyume. Ya tatu mia pia ila nyeupe yote, haina ule unjano kabisa. Ya nne hamsini imetanuka, zile pembe saba hazionekani vizuri, imekuwa pana na nyembamba. Ya tano mia imemegwa ukingoni kipande cha mviringo.

Kuna jamaa kaniambia nimtumie elfu thelathini ya "usajili" ndo mnunuzi toka nje aje. Sijatuma bado. Hebu nisaidieni, ipi ni ipi hapo?

konda mstaafu

Usajili wa sarafu 😂😂 hao ndo walewale matapeli wa rupia za Mjerumani zenye zebaki, wamebadili gia tu. Chukua hiyo elfu thelathini nenda kale nyama Kwa Mrombo, chenji itakayobaki ndo uitafutie makosa.

fundi_lethi_moshi

Mdogo wangu usitume hata mia. Mi ni mtu wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, huku Moshi, chuma nakijua, na sarafu nakusanya tangu zile senti tano za pembe kumi na mbili zikiwa bado zinanunua kitu. Hizo video zinawaonyesha watu alama tu bila kuwaambia sarafu inatengenezwaje, ndo maana kila aliyeokota wosha anajiona tajiri.

Iko hivi. Zetu hazigongwi hapa nchini, zinaagizwa nje, ila kazi ni ileile kila kiwanda. Bati refu linakatwa vipande vya duara, ukingo wa kila kipande unabanwa unyanyuke kidogo, kama ni chuma cha kuvalishwa kinaingia kwenye dawa kipate koti lake, mia na hamsini koti la brasi, jero koti la nikeli, halafu ndo kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu yenye michoro huku kimezungukwa na pete ya kukibana kisitanuke. Mihuri inakutana kwa nguvu ya tani nyingi, sarafu inatoka, inaingia nyingine. Kwa hiyo ukiona alama yoyote usiulize kama ni ya ajabu, uliza kama mashine ile ingeweza kuifanya. Kama haingeweza basi kaifanya mtu, au gari, au moto wa dampo.

Jero yako ndo inanivutia. Muhuri ukichoka unapasuka, na chuma cha sarafu kikibanwa kinaingia ndani ya ule ufa, kwa hiyo kwenye sarafu mstari unatoka umenyanyuka. Mkwaruzo wa msumari au changarawe unazama, na kando yake chuma kilichosukumwa kinakaa kama matuta ya shamba. Pitisha kucha taratibu ukikatiza mstari. Halafu angalia unapopita kwenye herufi, ufa wa muhuri mara nyingi unaunganisha herufi moja na nyingine au unatoka ukingoni kuingia ndani, tena hauendi moja kwa moja kama rula, unapindapinda. Ukiwa umenyanyuka kweli basi kazi yako ni kutafuta ndugu zake. Muhuri mmoja unagonga sarafu laki kadhaa kabla ya kutolewa, kwa hiyo ufa ule lazima uko kwenye jero nyingine za mwaka huohuo, palepale, na ukipata ya pili yenye mstari sehemu ileile hakuna mtu atakubishia tena.

Mia ya herufi kinyume pole sana, hiyo ni ya vaisi, kile kibano cha mezani cha mafundi. Mtu kaweka sarafu mbili kwenye vaisi akakaza, au kapiga nyundo, moja ikajichapa juu ya nyenzake. Kuna kosa la kweli linalofanana nalo: sarafu iliyotangulia inagoma kutoka, inabaki imenata kwenye muhuri mmoja, kipande kinachofuata kinagongwa juu yake. Lakini hiyo inatoka na Nyerere wa kawaida upande mmoja, na upande wa pili Nyerere huyohuyo amezama na amegeuka, swala hata mmoja humuoni. Yako swala wapo na herufi zimewakalia juu. Igeuze utakuta upande wa pili uso umebonyea bonyea.

Hamsini ni ya reli. Tangu treni ya Dar irudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020 watoto wanazipanga sana. Sarafu iliyogongwa bila pete inatanuka kweli, ila inatanuka sawasawa pande zote, michoro imetimia na imekaa katikati. Ya reli inavutika upande mmoja, imepinda, kifaru na mtoto wake wamelala kama chapati. Na mizani haikusaidii hapo maana zote mbili hazijapungua kitu.

Hiyo iliyomegwa angalia ukingo ulio mkabala na pengo. Kama kipande kilikatwa kibaya kabla ya kugongwa, upande wa pili ukingo unakuwa dhaifu, umefifia, kwa sababu wakati wa kubanwa upande wenye pengo haukuwa na kitu cha kusukumana nao. Kama ukingo wa mkabala ni mzima na mkali hiyo imekatwa na grenda.

chalii_wa_sakina

Asante sana mzee wangu, sijawahi kueleweshwa hivi. Nimepitisha kucha kwenye jero, inakwama, mstari umenyanyuka kabisa na umepinda kidogo karibu na ukingo. Hamsini nimeiangalia tena, kifaru simuoni hata mmoja 😅. Mia iliyomegwa sasa ndo sielewi, ukingo wa mkabala naona uko sawa tu, si dhaifu si mkali. Na ile nyeupe hamjaisema.

lensi_kumi

Chalii angu, mi niko kwenye mawe ya vito hapa mjini, sarafu ni mapenzi tu. Fundi kasema vizuri ila hapo kwa iliyomegwa nampinga kidogo kwa heshima zote. Ule udhaifu wa mkabala ukiwepo ni ushahidi mzuri, usipokuwepo bado hujathibitisha kitu, hasa kama pengo ni dogo. Kwa sarafu za kuvalishwa kuna njia fupi. Si amesema kipande kinakatwa kwanza ndo kinavalishwa brasi? Basi kama pengo lilitokea kiwandani, ndani ya pengo lenyewe kutakuwa na brasi, njano ileile ya ukingo mwingine. Kama mtu kalimega baadaye utaona chuma cheupe kitupu, na kwa mvua hizi za Arusha kitakuwa kimeshaanza kutu. Angalia pia michoro inavyofika kwenye pengo, ya kiwandani herufi zinavutikavutika kidogo kuelekea pale kwa sababu chuma kilikuwa kinatafuta pa kwenda, ya mtaani herufi imekatwa kavu. Ila hii ni kwa zinazonasa sumaku, kama sarafu haishiki sumaku inawezekana ni madini mamoja ndani na nje, na huu ujanja wa koti haufanyi kazi.

Ya nyeupe sasa. Kosa la kweli lipo, kipande kinapitiliza bila kuvalishwa kinagongwa kikiwa chuma kitupu. Lakini kabla ya kufurahi pitia haya. Moja, kuna watu wanaosha sarafu na tindikali, brasi inaliwa, kinachobaki ni chuma, ila tindikali haili koti peke yake, inakula na herufi, zinakuwa nyembamba na uso unakuwa na vishimo vishimo. Ipime kwenye mizani ya sonara pamoja na mia nyingine tano sita za mwaka uleule, sio moja, maana hata nzima zinatofautiana kidogo. Ila ikiwa nyepesi kidogo usihukumu haraka, maana hata isiyovalishwa inakosa uzito wa koti; ikiwa nyepesi sana na herufi zimeliwa umeshajua. Pili, mafundi redio wanazipaka risasi ya kuchomelea, hiyo utaona imejaa kwenye mashimo ya herufi. Tatu, na hii ndo nataka uisikie vizuri, zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wanayo, na ukiisugua kwenye brasi inageuka nyeupe inang'aa vizuri kabisa, watu wanafanyia utani. Ni sumu. Kama ile mia inang'aa sana kuliko umri wake na weupe unaacha rangi kidoleni, acha kuishika, weka kwenye kifuko kigumu ufunge, na usiipashe moto kwa namna yoyote, mvuke wake ndo unaua.

Na mwanga wenu watu wa simu ndo tatizo. Usimulike kutoka juu. Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni mwa sarafu, chini kabisa karibu ilale, kila kilichonyanyuka kinatupa kivuli upande mmoja na kilichozama kinatupa upande wa pili. Hata simu mbovu itapiga hapo.

mama kiborloni

Nimechelewa, leo mitumba ilikuwa nyingi. Niongezee upande wa hela maana ndo mnaozungukia wote.

Kosa kubwa la kweli mara nyingi sarafu yenyewe ni safi, haina jeraha popote. Ile ya peni 20 ya Uingereza ya 2008 ndo mfano wangu. Walibadilisha michoro, mwaka ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa malkia, halafu kundi moja likagongwa kwa muhuri mpya wa nyuma na muhuri wa zamani wa malkia, zikatoka hazina mwaka kabisa upande wowote. Imegongwa vizuri, imekaa katikati, na pembe zake saba zimetimia kama hamsini yetu, mtu wa kawaida anaipokea dukani bila kushtuka. Sasa nyie mnatafuta zilizopondeka.

Halafu kuna sarafu ambazo ubaya ndo kawaida yake. Zile sarafu za Mjerumani za heller 20 zilizogongwa Tabora 1916 wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa brasi na shaba iliyookotwa okotwa. Zimekaa upande, zimefifia, muhuri umepasuka, na karibu zote ziko hivyo. Mtu akikuuzia moja kwa bei ya "kosa adimu" anakuibia.

Kuhusu jero ya kijana, ufa wa muhuri ni kosa dogo, nchi zote unapatikana. Wakusanyaji wanaupenda lakini wanalipa kidogo juu ya thamani yake, na kwa sarafu zetu wanunuzi ni wachache. Kuna makampuni Marekani kama PCGS na NGC yanakagua na kuifungia sarafu kwenye kasha, ila ada na kusafirisha kwa jero moja utatoboka mfuko bure. Mimi ningeitunza tu. Ila ufa ukifika mahali kipande cha muhuri kikamong'oka, kwenye sarafu panatokea uvimbe laini ukingoni umefunika herufi, hapo ndo watu wanaanza kugombania. Kwa hiyo hizo ndugu zake ukizitafuta angalia kama kuna yenye ufa mrefu zaidi.

Na jamani msizisafishe. Ndimu, siki, dawa ya meno, msasa, vyote vinaondoa ushahidi na thamani kwa pamoja. Vumbi lipulize tu.

fundi_lethi_moshi

Lensi hapo kwenye koti umenipiga bao, kwa chuma cha kuvalishwa njia yako ni ya haraka zaidi. Mimi nilijifunzia kwenye zile za zamani za madini mamoja ndo maana nakimbilia ukingo.

chalii_wa_sakina

Nimewasha tochi ubavuni kama mlivyosema. Mia iliyomegwa ndani ya pengo ni nyeupe na ina kutu, kwa hiyo kwaheri. Ile nyeupe nimesugua na karatasi ya choo, imeacha ujivu. Nimenawa mikono na sabuni nikarudia. Huyo wa usajili nimemblock. Jero nimeanza kupekua kopo la wiki hii, nyingi ni za mwaka huohuo 2014, bado sijaona ndugu.

lensi_kumi

Karatasi uliyosugulia nayo itie kwenye kifuko hichohicho, usiitupe jikoni wala kuichoma. Jero niletee kesho mjini, niko na lensi kuanzia saa nne. Hilo kopo ukiliweza libebe lote, kuna vijana wengi pale wamekaa wanasubiri wateja, watakusaidia kupekua.