Ukurasa wa bei za jumla umetokea Google wakati hata kwenye menyu haupo. Nautoaje kwenye ramani ya tovuti?

BintiUyole
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada, na tafadhali msinicheke.

Nina duka la vifaa vya sola hapa Mbeya. Tovuti nimeitengeneza mwenyewe kwa WordPress na WooCommerce (plagini, yaani programu ya nyongeza, ya kuuzia bidhaa), mwalimu wangu ni video za YouTube. Humo kuna ukurasa wa bei za jumla kwa ajili ya mafundi wangu wanane tu. Sikuuweka kwenye menyu, linki naituma WhatsApp. Nikajua uko salama.

Jumamosi kaingia mteja, simu mkononi: "Dada, mbona huku betri ya ampea mia iko chini kwa elfu sitini?" Nikatazama, ni ukurasa wenyewe. Kaandika Google jina la duka na neno bei, ukaja. Niliishiwa nguvu. Kuchungulia zaidi nikakuta na ule wa "Asante, tumepokea oda yako" upo, na "Ukurasa wa majaribio 3" wenye picha ya mbuzi niliyoiweka nikijifunza.

Jirani yangu wa steshenari anasema inayozipeleka huko ni ramani ya tovuti, ile ya XML, yaani orodha ya anwani za kurasa ambayo Google huisoma. Mimi sikumbuki kuitengeneza. Nachaguaje kurasa za kuingia humo? Jana niliweka mstari wa kuuzuia ule wa bei kwenye robots.txt, lile faili linaloiambia mitambo ya kutafuta isifungue kurasa zipi, lakini bado upo vilevile.

Mchawi_wa_Bando
Naomba linki kabla hujaifuta 😂

fundi_waya
Dada, huyo mpuuze. Hukuitengeneza wewe, WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5, mwaka 2020. Ukurasa wowote uliouchapisha unaingia, menyu haihusiki kabisa. Andika anwani ya tovuti yako, malizia na /wp-sitemap.xml, utuambie unaona nini.

BintiUyole
Mungu wangu. Kuna orodha ya mafaili. Nimebonyeza wp-sitemap-posts-page-1.xml, bei-za-jumla ni ya nne kutoka juu, imekaa kama mgeni rasmi. Halafu kuna wp-sitemap-users-1.xml, ndani yake kuna jina langu lilelile ninaloingilia! Hii nayo ya nini?

fundi_waya
Hiyo ni ya kurasa za waandishi. Kwa duka haina kazi, tutaiondoa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kuutoa ukurasa kwenye ramani hakuutoi Google. Ramani inaiambia Google "pita na huku", basi. Ikishaujua ukurasa, inaukumbuka hata ukiufuta kwenye orodha. Linki ikivuja kwa fundi mmoja akaibandika mahali, itaupata bila ramani.

Huo mstari wa robots.txt utoe leo leo. Unaizuia Google isifungue ukurasa, kwa hiyo hata ukiweka ndani yake alama ya noindex, ile inayosema "usiuonyeshe kwenye matokeo", haitaiona, na anwani inaweza kuendelea kutokea kwenye matokeo. Tena faili hilo linasomwa na yeyote anayejua kuandika anwani yake. Ni kama umebandika karatasi mlangoni: "ufunguo hauko chini ya mkeka".

Kwa bei za jumla, anza na nywila. Fungua ukurasa kwenye kuhariri, sehemu ya mwonekano, chagua ulindwe kwa nywila, kisha wape mafundi wako. Noindex siyo kufuli. Halafu nenda Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, uombe kuondolewa kwa anwani hiyo. Itafichwa kwa muda wa miezi sita hivi, na ndani ya muda huo noindex itakuwa imeshasomwa.

Noindex yenyewe, weka plagini ya Yoast. Chini ya kila ukurasa utakuta sehemu ya mipangilio ya ziada inayouliza kama mitambo ya kutafuta iruhusiwe kuuonyesha. Jibu hapana. Yoast itautoa kwenye ramani yenyewe. Ujue tu ramani yake inaitwa sitemap_index.xml, na ile ya WordPress inazimwa.

MvitaKodi
Salaam kutoka Mombasa. Mie plagini nzima kwa sababu ya kurasa tatu naona ni kukodi lori kubeba kiroba. Ramani ya WordPress yachujwa kwa mistari hii tu:

```
add_filter( 'wp_sitemaps_posts_query_args', function( $args, $aina ) {
    if ( 'page' === $aina ) {
        $args['post__not_in'] = array( 212, 348 );
    }
    return $args;
}, 10, 2 );
```

Hizo 212 na 348 badilisha, weka namba za kurasa zako. Ukifungua ukurasa kuhariri, namba utaiona juu kwenye anwani, baada ya post=. Na wale waandishi:

```
add_filter( 'wp_sitemaps_add_provider', function( $mtoaji, $jina ) {
    return 'users' === $jina ? false : $mtoaji;
}, 10, 2 );
```

Yatie kwenye faili la functions.php la temu-mtoto, yaani temu (muundo wa mwonekano wa tovuti) ndogo inayorithi ile kuu. Ukitia kwenye temu mama, siku ukisasisha yaondoka yote, nawe utarudi hapa ukilia.

fundi_waya
Kodi, hiyo mistari ya programu, iko sawa, sina ubishi. Ila inagusa ramani tu, noindex bado ataihitaji, na yeye si mtu wa kodi. Kwake Yoast.

Dada, ule wa majaribio ufute kabisa, mbuzi na yote. Wa asante uwekee noindex.

Shangazi_Data
Na lebo za bidhaa je? Fungua faili la product_tag kwenye ramani. Kila lebo uliyowahi kuandika inapewa ukurasa wake. Nilipofungua la kwangu nilikuta "paneli", "Panel", "paneli za sola" na "sola paneli", kila moja na bidhaa ileile moja. Lebo zote nimezitoa, nimebaki na kategoria.

Akija mtu wa kukuuzia huduma ya kukupangia "kipaumbele" cha kurasa kwenye ramani, mwambie Google haisomi priority (kipaumbele) wala changefreq (ukurasa hubadilika mara ngapi). Inayoiangalia ni lastmod, tarehe ukurasa ulipobadilishwa mwisho, tena kama tarehe zako ni za kweli.

BintiUyole
Wakuu, mrejesho. Nywila ipo, robots.txt nimeisafisha, Yoast nimeweka. Waandishi na lebo nimezizima kwenye mipangilio yake, sikujua nilikuwa na lebo 63 kwa bidhaa 40. Ramani sasa ina bidhaa, kategoria, na kurasa tano tu. Ombi la Search Console limekubaliwa, leo asubuhi nimetafuta mwenyewe kwa simu ya mdogo wangu, bei za jumla hazitokei. Wa asante bado upo, nausubiri.

Tatizo lililobaki halina plagini. Yule mteja wa Jumamosi alikuwa ameshapiga picha ya skrini. Karudi jana na shemeji yake. Nimewauzia betri mbili kwa bei ya jumla, ya tatu nikakataa.

Mchawi_wa_Bando
Mimi ndiye shemeji.