Singapore 1942: ilipotea vita, au ilipotea dola?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 15 Februari 1942 Percival, jenerali wa Uingereza aliyeilinda Singapore, alisalimu amri mbele ya Yamashita, jenerali wa Japani. Msimamo wangu: pengo la kijeshi lililoachwa na anguko hilo lilizibika, la kisiasa halikuzibika. Uingereza ilirudi Singapore Septemba 1945, lakini koloni jirani la Malaya (leo sehemu ya Malaysia) lilijitawala 1957. Mtawaliwa akishamwona bwana wake amenyanyua mikono, hamwogopi tena.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hilo la kijeshi umelipita mbio. Mpango wote wa kuilinda Singapore ulitegemea manowari kuja kutoka Ulaya. Zilikuja kubwa mbili, Prince of Wales na Repulse, bila manowari ya kubeba ndege, na tarehe 10 Desemba 1941 ndege za Japani zikazizamisha zote mbili. Wanaosema mizinga ya pwani ilielekea baharini tu wanakosea. Mingi iligeuzwa ikapiga bara, ila makombora yake yalikuwa hasa ya kutoboa vyuma vya meli; dhidi ya askari wa miguu hayakufaa kitu. Kilichoumaliza mji ni maji. Daraja la Johor, linalounganisha kisiwa cha Singapore na Malaya, lilipolipuliwa 31 Januari 1942, bomba la maji lililopita juu yake lilikatika. Kisha mabwawa ya kisiwani yakatekwa, na mabomba ya mjini yakawa yanavuja kila kona kwa kupigwa mabomu.

Na pengo halikuishia Asia. Aprili 1942 Wajapani walipiga bandari za Colombo na Trincomalee (leo Sri Lanka), meli za Uingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Mei Waingereza wakavamia Madagaska ili Japani isiiwahi. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) wakapelekwa huko, na 1944 wakawa Burma (leo Myanmar), bonde la Kabaw.

Mchangiaji wa pili: Ongezeni mpira na katani. Malaya, Java na Ufilipino, zilikotoka bidhaa hizo, zilipotekwa, mkonge wa Tanganyika ukawa lulu, na serikali ikawakamata watu kwa nguvu ya sheria wakafanye kazi mashambani. Hiyo nayo ni siasa.

Ila mleta mada, tarehe zinakupinga. Curtin, waziri mkuu wa Australia, alitangaza kuitegemea Marekani tangu 27 Desemba 1941, Singapore ikiwa bado imesimama. Na wapiganaji wa msituni wa Malaya walipewa silaha na Waingereza wenyewe wapigane na Japani. 1948 wengi wao wakaingia msituni tena, safari hii dhidi ya Mwingereza.

Mleta mada: La Curtin nakubali. La msituni linanipa nguvu: bila kuanguka kwa Singapore, Mwingereza asingewagawia bunduki.