Skuta 125 inalia ku mulima lakini haipande, ni kweli moteri imekufa?

DaNeema_Panzi

Jambo wandugu. Niko na skuta ya 125, ile otomatiki, nilinunua okaziyo (yenye ilishatumika) mwaka 2019 ikiwa na km 9 000, leo iko na 34 000 na kidogo. Kila siku natoka Panzi naenda kazi ku Nguba, mitaa ya Bukavu, na jioni narudi, kiangazi vumbi, mvua matope, na haijawahi kuniangusha njiani mpaka mwezi uliopita. Sasa nikifika ku mulima nazungusha gazi, moteri inalia kama mashini ya kusaga muhogo lakini skuta yenyewe inatambaa tu, jana watoto wa masomo wenye kupanda na miguu walinipita wakaniangalia na huruma. Harufu ya mupira wa kuungua nayo iko. Na asubuhi nikitaka kuondoka inatetemeka trrrr mbele ya kushika, mpaka mikono inawasha.

Vidanje (kubadilisha mafuta ya moteri) nafanyaka kila km 2 500, nasimama pale pale naangalia, sipendi stori. Nikaipeleka garaje moja, yule baba hakufungua hata visi moja, alisikiliza tu kichwa pembeni akasema mama, moteri imekufa, tubadilishe pisto na silinda, dola 180. Bwana yangu naye anasema niuze ninunue moto ya vitesi (pikipiki ya gia) kama watu wote, eti skuta ni ya watu wenye lami nyororo. Mi naipenda juu napanda na kitenge bila kuhangaika na mufuko wa soko unaingia pale katikati ya miguu. Semeni ukweli, hii kitu inaweza kudumu hapa Bukavu na hii milima yetu ao najidanganya?

Mekano_Nyawera

Dada, usitoe hata dola moja kwanza. Moteri yenye imekufa hailii vile. Ikikosa kompresyo inachoka, haipande tour (haizunguke mbio), inatoa moshi wa bluu, inakula mafuta, asubuhi inasumbua kuwaka. Yako inalia kwa nguvu, maana yake moteri iko nzima na nguvu inapotelea njiani mbele ya kufika ku gurudumu.

Skuta haina cheni wala vitesi vya mguu. Nguvu inatoka ku variateri ya mbele (puli yenye kujibadilisha), inapita ku mukanda (kurwa), inafika nyuma ku ambreyaje (klachi). Ndani ya variateri muko vigololi, mara nyingi sita, tunaviita gale, moteri ikizunguka sana vinakimbilia nje vinasukuma sahani, mukanda unapanda, skuta inapata mbio. Sasa ule mukanda unaliwa pembeni kidogo kidogo, unakuwa mwembamba, unaanza kuteleza, na kuteleza ndiyo ile harufu yako. Skuta nyingi za 125 kitabu kinasema badilisha kati ya km 20 000 na 25 000, inategemea aina, lakini wenye kuandika kile kitabu hawakuwaza mutu wa kupanda toka mutoni mpaka juu kila siku na mizigo, mi nafungua naangalia kila 12 000.

Swali moja tu: tangu 2019 uliwahi kubadilisha kurwa?

DaNeema_Panzi

Yaya, sikujua hata kama kuna mukanda ndani. Najua vidanje, buji (plagi ya kuwasha moteri), na plaketi za freni basi.

Mekano_Nyawera

Haya basi jibu umelitoa wewe mwenyewe 😂 Na kama mwenye kukuuzia naye hakubadilisha, ule mukanda iko na 34 000.

Fungua kava ya kushoto, ile ndefu, visi zake nyingi ni za ufunguo 8. Zipange ku kartoni kwa mufano wa kava yenyewe juu hazilingane urefu, ukichanganya utapasua shimo. Funika pua, ile vumbi nyeusi si ya kuvuta. Pima upana wa mukanda na pie a kulisi (kile chombo cha kupimia milimita), linganisha na kipimo cha kitabu cha skuta yako, ukipita mwisho hata kwa nusu milimita tupa. Uukunje uangalie meno ya ndani, ukiona mipasuko tupa hata kama upana unaruhusu. Gale zitoe uzizungushe ku meza, zikiwa na upande bapa zinagonga tak tak, badilisha zote na uzito ule ule wa mwanzo. Ile trrrr ya asubuhi ni ambreyaje, viatu vyake vimekuwa kioo, pitisha msasa kidogo, kama bado viko na nyama vitaendelea.

Mambo mawili yenye naona kila siku na yananikasirisha. Mutu anachomeka turnevisi (bisibisi) kati ya mapezi ya variateri ili isizunguke afungue nati, mapezi yanavunjika, ndiyo feni ya kupoza mukanda hiyo, kisha mukanda mupya unakufa mbele ya wakati na anasema piesi ni ya bandia. Kuna chombo cha kushikia, tafuta mwenye nacho. Ya pili ni kupaka grisi ovyo mule ndani. Mukanda na sahani vinatakiwa vikavu kabisa, hata alama ya kidole chenye mafuta pangusa.

LaveYaGoma

Mi nitasema tofauti, msikasirike. Huku Goma nilikuwa na skuta yenye magurudumu ya inchi 10, nikaiuza nyuma ya miaka mitatu na sijalia. Moteri haikuwa na shida hata kidogo, shida ni mawe. Barabara za ndani za mitaa huku ni lave tupu (mawe ya volkano), gurudumu dogo linaingia mu shimo zima zima mahali moto ya inchi 17 inapita juu, nikanyoosha jante (rimu) mara nne, rulema (beringi) za gidoni zikaanza kugonga, plastiki zote zikalegea zinaimba njia nzima. Chukudu, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, yenye gurudumu la mbao ilikuwa inanishinda utulivu. Kwa hiyo Da Neema, kama njia yako kubwa ni lami, baki na skuta. Kama ni mawe, bwana yako ana haki.

Kitu kingine, uangalie buji yako rangi. Bukavu na Goma tuko karibu mita 1 500, hewa ni nyepesi karibu 15% kuliko ya pwani, skuta ya karbirateri yenye ilipangwa kwa pwani inakunywa esanse (petroli) mingi kuliko hewa, buji inakuwa nyeusi kama masizi na nguvu inapungua. Jigleri (katundu ka kupitishia esanse) ndogo kidogo inasaidia. Ya enjeksyo haina hiyo shida, inajipanga. Na ukinunua esanse ku Kadhafi wa chupa (wale wa kuuza njiani), chuja, ao kila mwezi fungua kile kivisi cha chini ya karbirateri utoe maji.

Muzee_wa_Kadutu

Watoto mko mnasema vizuri juu ya kupanda, hakuna mwenye kusema juu ya kushuka. Baba yangu alikuwa na Vespa wakati wa Zaire, vitesi ku mukono wa kushoto, mafuta anachanganya mwenyewe na esanse, 2% anapima na kikopo cha maziwa. Ile ilikuwa na vitesi vya kweli, unashuka na kitesi cha pili moteri inakushikilia. Hizi zenu za otomatiki mwendo ukipungua sana ambreyaje inaachia yenyewe, hapo moteri haikushike tena, unabaki na freni peke yake. Na mi naonaka vijana wanazima moteri toka Kadutu kushuka mjini eti kubana esanse!

Mama Neema, ukishuka usisubiri mwendo ufe kabisa, acha gazi ukiwa bado na mwendo kidogo, shika freni zote mbili kwa kukatakata, usiegemee ya nyuma tu ile ya ngoma, itachemka na itakuacha. Mafuta ya freni yabadilishwe kila miaka miwili hata kama bido (kikopo chake) imejaa, juu yanavuta maji kutoka hewani na maji yakichemka mukono wa freni unaenda mpaka mwisho bila kitu. Mipira (matairi) nayo usiangalie meno tu, soma namba nne za mwisho pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona mupira wa miaka kumi unauzwa kama mupya, unang'aa vizuri.

Mekano, umesahau mafuta ya nyuma.

Mekano_Nyawera

Muzee heshima yako, ni kweli. Dada, ku gurudumu la nyuma kuna boksi ya gia yenye mafuta yake peke yake, mengi hayapite 200 ml, hayana uhusiano na vidanje yako ya kila siku. Kila km 10 000. Na ya moteri usiuziwe lazima yale yenye alama JASO MA ya moto za vitesi, ambreyaje yako iko inje kavu, MB inatosha, angalia kitabu.

DaNeema_Panzi

Narudi na habari. Jumamosi tumefungua ku lupango (uwanja wa nyumbani) na shemeki yangu, tukashika visi ku kartoni vile umesema. Wandugu, ule mukanda! Upana 20,3, kitabu kinasema mwisho 21, na upande mumoja nyuzi zimetoka kama kitenge chenye kuraruka. Gale tano ziko bapa, ya sita imepasuka katikati. Mukanda, gale na msasa vyote dola 41, shemeki nimemulipa na samaki. Leo asubuhi nimepanda na mufuko wa unga mbele, nimewapita wale wale watoto wa masomo, nikapiga honi.

Lakini Muzee, nilifungua na yale mafuta ya nyuma vile mulisema. Yametoka rangi ya maziwa na chai. Hiyo ni nini tena?

Muzee_wa_Kadutu

Ni maji. Ulipita mu mvua mahali maji yalifika katikati ya gurudumu?

DaNeema_Panzi

Mwezi wa nne, ndiyo. Yalifika mpaka ku viatu.

Mekano_Nyawera

Yameingilia ku kamupira ka kupumulia kale kembamba juu ya boksi, angalia kama hakajachomoka. Weka mafuta mapya ya bei ndogo, tembea siku mbili tatu, mwaga, kisha weka ya muzuri. Kama yatatoka tena meupe leta, mi nitaangalia sili za mafuta na rulema bila kukudai pisto.