Mrejesho: wapi tule safari ya Jozani

Niliuliza wapi tule nikiwapeleka watoto Hifadhi ya Taifa ya Jozani, Zanzibar. Ahsanteni, tumerudi jana. Aliyesema tushibe kwanza mjini katuokoa: chapati na supu Darajani, kisha kilomita kama 35 bila mtoto kulia njaa. Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, tumewaona karibu kabisa (ndizi zetu zikabaki mkobani, hawalishwi, tumbo lao la majani).

Mchana, mkahawa mmoja wa ufukweni Paje ulituweka saa nzima, tukaondoka. Kwa mama mmoja wa kando ya barabara tukapata wali wa nazi na pweza wa nazi, laini, mchuzi mzito, mwanangu karamba sahani. Usiku mjini, bustani ya Forodhani, urojo. Ulizeni bei kabla ya kula, jamani!